Majani Yanatoboka: Kumsaka Mbawakavu Kwenye Mboga za Kando ya Ziwa

Mboga zikianza kutoboka, mara nyingi bomba la mgongoni hutoka stoo kabla mwenye bustani hajainama kuangalia chini ya jani. Siku mbili baadaye majani mapya nayo yametoboka, na lawama zinamwendea muuza dawa kwamba kauza feki. Inawezekana kweli kauza feki, hayo yapo. Lakini mara nyingi dawa ilikuwa nzima. Tatizo ni kwamba mdudu alishaondoka, au waliokufa ni wazazi tu na watoto wao wako chini wanakula mizizi, ambako dawa ya majani haifiki.

Maelezo haya ni ya anayelima mboga Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia vitalu vya nyuma ya nyumba kule Buhongwa hadi bustani za kumwagilia kwa ndoo au pampu Magu, Sengerema na Ukerewe. Mshukiwa mkuu ni mbawakavu wa majani, wale ambao wataalamu wanawaweka kwenye familia ya Chrysomelidae. Wako wa aina nyingi na kila aina ina mboga zake, ila wanaotusumbua zaidi wana tabia moja: mzazi anakula jani na kutaga udongoni, mtoto anakula mzizi, anageuka pupa (mdudu aliyetulia akijigeuza kuwa mkubwa) humohumo udongoni, kisha anatoka na mbawa zake kwenda kwenye jani. Unachokiona juu ya mboga ni sehemu tu ya maisha yake, na kwa baadhi yao ni sehemu fupi kuliko zote.

Anza na kingo za tundu

Chuma jani lililotoboka ulishike kwenye mwanga. Kama kingo za tundu ni za kijani kibichi na zina unyevunyevu, mdudu amekula jana au leo. Kama zimekauka na kuzungukwa na mstari mwembamba wa rangi ya kaki, hilo ni jeraha la zamani. Kumbuka pia kwamba tundu hukua pamoja na jani. Kitundu kidogo kuliko punje ya ulezi, kilichotobolewa jani likiwa changa, kinaweza kuja kupitisha kidole wiki chache baadaye, na mtu akadhani bustani imeingiliwa na mdudu mkubwa.

Sasa angalia majani mawili matatu ya juu kabisa, yaliyofunguka juzi. Yakiwa mazima huku ya chini yametoboka kwa kingo kavu, vita imeshakwisha. Hapo dawa ni hasara tupu: unaua wadudu rafiki na mboga haipati nafuu yoyote, maana hakuna dawa inayoziba matundu.

Jambo la pili ni saa ya kukagua. Mbawakavu wa maboga huwa mzito asubuhi kukiwa na ubaridi na umande, unaweza kumwokota kwa mkono. Jua likishapanda, ukisogea tu ameruka. Vile vidudu vidogo virukaji vya sukuma wiki na bamia ni kinyume chake, jua ndilo linalovichangamsha. Mtu anayekagua saa saba mchana tu atasema maboga hayana mdudu, na anayekagua alfajiri tu atasema bamia haina. Kagua mara mbili, saa moja asubuhi na saa nne au saa tano.

Tandika kitambaa cheupe au mfuko mweupe wa sandarusi chini ya mmea, kisha utikise. Wengi wa mbawakavu hawa wakishtuka hujiachia na kuanguka, na juu ya kitu cheupe huwezi kuwakosa. Kwa virukaji, paka gundi ya panya kwenye kipande cha boksi na ukipitishe polepole juu kidogo ya miche huku ukiipapasa kwa fimbo. Wataruka na kunasa wenyewe.

Wanaosingiziwa

Kuna asubuhi, hasa siku za karibu na mwezi mwandamo, unaamka unakuta majani yamejaa vijidudu laini vyenye mbawa nyembamba, vile vinavyoinuka ziwani kwa mawingu makubwa na kujaa kwenye taa za baraza. Mgeni wa ukanda huu huvipulizia. Havina kosa. Maisha yao ya utoto yote yamepita majini, na wakiwa wakubwa hawatafuni jani. Wakifa huoza na kuwa mbolea.

Panzi anakula kuanzia pembeni ya jani, anaacha pengo kubwa lenye kingo za kuparuzana. Konokono anaacha ute unaong'aa. Viwavi wanaacha kinyesi cha punjepunje katikati ya jani, na yule mdogo wa kabichi anakwangua upande wa chini na kubakiza ngozi nyembamba ya juu, kama kidirisha. Sota, kiwavi wa udongoni, anakata mche usiku pale unapogusana na ardhi na kuuacha umelala. Fukua kidogo pembeni mwa mche uliolala utamkuta amejikunja.

Anayechanganya watu zaidi ni mdudu wa mviringo mwenye madoadoa mgongoni. Hawa wako wa namna mbili. Wengi ni rafiki, wanakula vidukari, na mgongo wao unang'aa. Lakini kuna ndugu yao anayekula majani ya matango, maboga na nyanya chungu. Mgongo wake umefifia, ukiutazama kwa karibu una vinyweleo vifupi, na watoto wake wana miiba laini mwili mzima na wanakaa palepale kwenye jani upande wa chini. Hapo ndipo penye tofauti kubwa na mbawakavu tunayemtafuta, maana watoto wake huwaoni juu ya jani hata siku moja. Ukikuta wazazi na watoto wanakula jani moja, umeshika mwingine.

Dalili: majani ya maboga, matango au matikiti yamekatwa mviringo

Mdudu ni wa rangi ya chungwa inayong'aa, urefu wa milimita 6 hadi 8, mwembamba kidogo. Wataalamu wanamwita Aulacophora. Ukipata nafasi mtazame anavyokula, kwa sababu hana haraka: kwanza anakata mfereji wa nusu duara kwenye jani, ndipo anaingia kula sehemu aliyoizungushia. Mfereji ule unapunguza utomvu unaofika pale anapokula. Matokeo yake ni viduara vilivyokauka au vilivyodondoka, ambavyo panzi na kiwavi hawaachi.

Mimea ya jamii ya maboga ina kemikali chungu zinazofukuza wadudu wengi. Kwa mbawakavu huyu uchungu ule ni chambo. Kwa hiyo matango mwitu yanayotambaa kwenye uzio na pembezoni mwa korongo ndiyo yanayomlea wakati bustani haina kitu. Yang'oe kabla hujasia mbegu.

Swali la muhimu ni umri wa mmea. Mche uliochomoza wenye majani mawili manene ya mwanzo unaweza kumalizwa kwa siku moja au mbili, na hauoti tena. Mmea wenye majani matano sita ya kweli ulioanza kutambaa utavumilia. Ukishaanza kutambaa, pulizia tu kama unaona kila siku jani jipya linaliwa, au wameingia kwenye maua. Wakila maua, hasara ni matunda.

Kwa miche, kinga ni rahisi kuliko tiba. Sia mbegu tatu kwa shimo na upunguze baadaye. Au otesha kwenye viriba karibu na nyumba unapoweza kuviangalia, uhamishe ikiwa na majani matatu, bila kuvunja bonge la udongo kwa sababu maboga hayapendi mizizi iguswe. Funika kitalu kwa chandarua cha bustani na ufukie pindo zake udongoni pande zote. Lakini usifunike mahali palipokuwa na maboga au matango msimu uliopita: wale walioko chini kama pupa watatokea ndani ya chandarua, na utakuwa umewajengea nyumba. Maua yakianza kufunguka chandarua kinaondoka, nyuki waingie, la sivyo hutavuna.

Majivu ya jikoni yaliyochekechwa, yakinyunyizwa asubuhi kukiwa na umande, yanamkera mdudu huyu na kumchelewesha. Mvua moja ikinyesha yamekwenda, rudia. Kwa bustani ndogo, kuokota kwa mkono saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja asubuhi na kuwatumbukiza kwenye bakuli la maji ya sabuni kunatosha kabisa. Watoto wanaipenda kazi hiyo kabla ya shule. Bustani ya ekari nzima ni habari nyingine.

Dalili: majani ya kunde au maharage yamebaki mishipa mitupu

Huyu anaitwa Ootheca, na ndiye ninayemwona kuwa mjanja kuliko wote. Ana urefu wa milimita 6 hivi, mwili wa yai, unang'aa, wengine kahawia au rangi ya chungwa, wengine weusi. Anakula nyama ya jani iliyo kati ya mishipa mpaka jani linabaki wavu. Akija wakati kunde zina majani mawili matatu, mstari mzima unaweza kupotea.

Dalili yake kubwa iko kwenye kalenda. Wanatokea wengi kwa pamoja mvua za kwanza zinapoanza, kwetu ni Oktoba au Novemba, na mtu anadhani wameletwa na mvua. Hawakuletwa, walikuwa chini ya miguu yake tangu msimu uliopita. Mzazi anapanda juu na mvua, anakula, anataga mayai kwa mafungu udongoni karibu na shina. Funza wanaoanguliwa ni weupe wa kuelekea njano, wanakula mizizi na vile vinundu vinavyotengeneza naitrojeni. Wanageuka pupa, wanakuwa mbawakavu kamili, halafu hawatoki. Wanatulia udongoni kiangazi chote wakisubiri maji. Kwa kawaida ni kizazi kimoja tu kwa mwaka.

Hapo ndipo penye udhaifu wake. Mdudu wa kizazi kimoja kwa mwaka, aliyelala mahali unapopajua, anapigwa akiwa amelala. Baada ya kuvuna, Juni au Julai, geuza udongo wa shamba la kunde kwa jembe la mkono au la ng'ombe, wapate jua na ukavu. Fungulia kuku. Kazi hii inaonekana ya bure kwa sababu hakuna mboga shambani ya kuokoa, ndiyo maana wengi hawaifanyi, kisha Novemba wanatafuta dawa kali.

Kubadilisha zao nako kunasaidia, lakini kwa umbali. Ukipanda mahindi palipokuwa na kunde, halafu kunde ukaziweka hatua ishirini pembeni, mbawakavu wataruka hatua ishirini. Afadhali uzipeleke upande mwingine wa shamba kabisa, na mwambie jirani naye, maana mpaka wa shamba ni wa watu tu.

Njia nyingine ni mtego. Sia mistari miwili mitatu ya kunde mapema kabisa, mvua ya kwanza tu, pembeni mwa shamba la zamani. Wakitoka wataangukia pale. Waue pale, kwa mkono au kwa dawa kwenye hiyo mistari peke yake, ndipo usie kunde zako zenyewe. Ukichelewesha kusia kwa wiki chache unaruka kilele chao, ila hapo pima na mvua, hasa kwenye udongo wa luseni usioshika maji.

Anayelima kunde za mbegu anaweza kuvumilia matundu mengi kabla mavuno hayajapungua. Wa majani hana bahati hiyo, maana fungu lenye matundu sokoni Kirumba au Igoma linageuzwageuzwa na kurudishwa mezani. Ushauri wangu ni kuchuma mapema na kuyafanya nsansa, yaani mboga ya majani makavu, yale yaliyoharibika machoni lakini ni salama. Jani likikaushwa hakuna anayehesabu matundu. Isipokuwa tu kama yamepuliziwa. Jani lenye dawa likikaushwa linabaki na dawa yake.

Mbawakavu huyu pia hubeba virusi vya kunde kutoka mmea hadi mmea. Majani yakianza kuwa na mabaka ya njano na kijani na kujikunja, hiyo siyo kazi ya meno yake tena na hakuna dawa yake. Ng'oa mmea huo mapema, uupeleke mbali na bustani. Vidukari nao hubeba virusi vyao, kwa hiyo usihukumu kwa mabaka peke yake. Angalia kama kuna matundu au kuna vidukari.

Dalili: vitundu vingi vidogo kwenye sukuma wiki, chainizi, kabichi changa au mgagani

Hawa ni Phyllotreta, vidudu vya milimita 2 hivi, vyeusi vinavyong'aa, vyenye mapaja manene ya nyuma. Ukisogeza kidole vinaruka kama viroboto. Vinavutwa na ule ukali wa jamii ya kabichi, na mgagani una ukali wa namna hiyohiyo, ndiyo maana unashambuliwa ingawa hauna sura ya kabichi hata kidogo.

Jua kali na ukavu ndivyo vinavyovipa nguvu. Kitalu kinachomwagiliwa vizuri, asubuhi na jioni, chenye matandazo, kinadhurika kidogo kuliko kitalu kinachokaa kikavu. Miche ikishashika na kutoa majani manne matano makubwa, vitundu vinabaki kuwa doa la sura. Chandarua kwenye kitalu kinafanya kazi ikiwa matundu yake ni madogo sana. Cha mbu cha kawaida wanapenya. Usikazane navyo zaidi ya hapo.

Dalili: majani ya bamia yametobolewa kama chekeche

Podagrica, milimita 3 hadi 4, naye mrukaji. Bamia, choya na pamba ni ndugu, na wadudu wanaujua udugu huo kuliko sisi. Bamia iliyopandwa kwenye ukingo wa shamba la pamba, jambo la kawaida Misungwi, Magu na Kwimba, inapata wageni. Mwangalie wakati mche una majani mawili hadi manne. Huo ndio wakati anaoua. Baadaye bamia inamshinda kwa kukua. Huyu naye hubeba virusi vya bamia, vya mabaka, na dawa yake ni kung'oa.

Dawa iliyotolewa kwa ajili ya pamba ibaki kwenye pamba. Pamba hailiwi keshokutwa, bamia inachumwa kila baada ya siku mbili.

Dalili: mmea unanyauka mchana na udongo una maji

Hapa ndipo nusu ya chini ya hadithi inapoonekana, na ndipo watu wengi hupoteza pesa kwa kumwaga maji zaidi au kuongeza yurea. Mmea wa boga au kunde unalegea saa sita, unaamka jioni, kesho unalegea zaidi. Usiung'oe kwa kuuvuta, mizizi itakatika na ushahidi utabaki ardhini. Ingiza jembe au sururu pembeni, inua bonge zima, uliweke kwenye karai la maji na ulegeze udongo taratibu kwa vidole. Funza wakiwemo, baadhi wataelea, wengine utawaona wamening'inia kwenye mzizi.

Funza wa mbawakavu ana mwili mweupe au wa maziwa, kichwa cha kahawia kinachoonekana wazi, na jozi tatu za miguu midogo karibu na kichwa. Pasua mzizi mkuu wa boga kwa wembe. Kama kuna njia iliyochimbwa yenye unga wa kahawia, ndiye.

Kama hakuna funza, endelea. Mizizi yenye mavimbe yaliyo sehemu ya mzizi wenyewe, yasiyobanduka, ni minyoo fundo. Kwa kunde na maharage usichanganye na vinundu vya naitrojeni: hivyo vimeshikwa pembeni tu, vinabanduka kwa kusugua, na ukivipasua vizima vina wekundu ndani. Ukikuta ganda tupu la kinundu limetafunwa, rudi kwa Ootheca. Kwa nyanya na nyanya chungu, kata kipande cha shina, ukitumbukize nusu kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ukiona uzi mweupe wa maziwa unashuka, ni mnyauko bakteria, wala mdudu hahusiki.

Ukishajua ni funza wa mbawakavu, ukweli ni kwamba mmea ulionyauka sana hauokoki. Pandisha udongo kuzunguka shina ili mizizi mipya itoke juu ya ile iliyoliwa, mwagilia kidogo kidogo mara nyingi, na elekeza nguvu kwa wazazi walioko kwenye majani ili wasitage tena. Kwenye maboga, mayai huchukua kama wiki moja hadi mbili kuanguliwa, na funza hula wiki kadhaa kabla ya kuwa pupa. Kwa hiyo unachokiona leo mzizini kilitagwa siku ambazo ulikuwa unaona wadudu wachache tu juu na kusema si kitu.

Dalili: boga au tikiti limetobolewa upande wa chini

Tunda linalolala juu ya udongo linaweza kuingiliwa na funza huyohuyo kutoka chini. Likitobolewa juu au ubavuni, likawa na alama ndogo inayotoa ute, pasua: ukikuta funza mweupe asiye na miguu wala kichwa cha kahawia, huyo ni inzi wa matunda. Kwa mbawakavu, weka nyasi kavu nene au kipande cha ubao chini ya kila tunda. Hiyo tu.

Dalili: umepulizia, wamerudi

Chunguza kwa mpangilio huu. Je, ulipulizia saa ngapi? Mbawakavu wa maboga ukimpulizia saa nane mchana anaruka kabla tone halijamfika. Jioni ni bora, na maua ya maboga yanakuwa yameshafunga kwa hiyo nyuki wamekwenda. Je, dawa ilishika jani? Jani la kabichi na sukuma wiki lina nta, maji yanateleza; tone la sabuni ya maji kwenye bomba linasaidia. Je, mvua ilinyesha usiku? Je, kuna kunde za jirani zilizotelekezwa hatua chache kutoka kwako? Hao wanaorudi huenda si waliopona, ni wageni, au ni wapya wanaotoka udongoni kila siku. Kwa hao kuongeza kipimo hakusaidii chochote.

Kama kingo za matundu ni mbichi, na wadudu uliowaona jana kwa macho yako wamepuliziwa vizuri wakabaki wanatembea, hapo ndipo uishuku dawa. Soma kibandiko: kiwe na namba ya usajili ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, tarehe ya kuisha, na zao lako liwe limetajwa. Angalia jina la kiambata, yaani kemikali yenyewe inayoua, si jina la biashara. Chupa mbili za rangi tofauti zinaweza zote kuwa lambda-sihalothrini, na mtu akidhani amebadilisha dawa kumbe anarudia ileile mpaka wadudu wameizoea. Angalia pia siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kama kibandiko kinasema siku 7 na wewe unachuma majani ya kunde kila baada ya siku 3, dawa hiyo si ya kwako.

Kwa mboga za majani mimi ningeanza na mwarobaini. Twanga kokwa za mbegu kavu, gramu 50 kwa lita moja ya maji, loweka usiku mmoja, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo, pulizia jioni ya kesho yake kwa sababu jua huiharibu haraka. Hautaona maiti asubuhi. Mwarobaini unamfanya mdudu asile na asizae vizuri, na mkulima aliyezoea kuona wadudu wamelala chali huukatia tamaa mapema mno. Hesabu majani mapya mazima, usihesabu maiti.

Ukishindwa kabisa kumtambua, wanase kadhaa kwenye kichupa kikavu pamoja na jani walilokula, umpelekee bwana shamba wa kata. Misungwi pia kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Ukiriguru. Picha ya simu ya jani peke yake haimsaidii mtu. Piga ya mdudu, ya mzizi, na ya mmea mzima.

Karibu na maji

Dawa za jamii ya lambda-sihalothrini na saipamethrini zinaua samaki kwa kiasi kidogo sana. Majani ya utupa nayo, ambayo wengine huyasaga kupulizia kunde na yanafanya kazi kweli dhidi ya mbawakavu, ni yaleyale yaliyotumika tangu zamani kulevya samaki. Kuwa ya asili hakuyafanyi kuwa salama ziwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa shughuli zinazoweza kuharibu mazingira yake, na bustani nyingi za kumwagilia zinaugusa mpaka huo au kuuvuka.

Basi changanya dawa mbali na maji, kwa ndoo isiyotumika kuchotea. Ukimaliza, suuza bomba mara tatu, na maji ya kila suuzo uyapulizie kwenye mistari ya zao lilelile ulilotoka kupulizia. Chupa tupu itoboe ili asije mtu akaiwekea mafuta ya kula, na usiiache mtaroni: mvua ya kwanza ya Novemba itaisomba hadi ziwani.